Doa Katikati ya Kioo

Tarehe 4 Machi

Mpwa wangu,

Salamu nyingi kwenu nyote. Mguu wa mama yako umepoa? Mimi ni mzima, natembea kwa magoti ya kuazima.

Kompyuta mpakato nimemkabidhi dereva wa basi, imeviringishwa blanketi. Niuzie huko mjini, nipate kununua nyingine nimalizie kamusi ya maneno ya bibi yako ninayoyakusanya tangu tulipohama kwetu. Mnunuzi umsomee haya bila kupunguza. Nimesahihisha kurasa katika kiwanda cha uchapaji karibu maisha yangu yote, na najua kosa lililotajwa mapema halimuumi mtu.

Imepakatwa miaka tisa, kuliko mtoto yeyote wa ukoo huu. Bawaba ya kushoto inalia ikifunguliwa. Herufi N imefutika. Vidole ndivyo vinavyojua ilipo. Betri haifiki saa nzima. Pembeni ina kovu la chai. Na kubwa kuliko yote, katikati ya kioo pana doa la kijivu. Linameza neno lile lile unalotaka kulisoma, na mistari iliyonyooka inapinda kama kamba iliyoanikwa nguo mbichi. Lilianza dogo, sasa limekua. Hilo ndilo linaloniuzisha.

Kizuri chajiuza. Hiki chetu, mpwa wangu, kitembeze.

Wako,
Mjomba


Tarehe 15 Machi

Shikamoo Mjomba,

Habari za huko? Mama anakusalimu. Mguu umepoa, mdomo bado.

Mjomba, nimechanganyikiwa. Alikuja mshonaji wa mtaani kwetu, anataka kompyuta ya kuwekea picha za mitindo. Nikamsomea maelezo yako. Bawaba ikalia, akacheka. N haipo, chai ipo, betri ikazima akiwa bado anaisifu. Tukaichomeka kwenye umeme, akauliza:

"Doa liko wapi?"

"Hata mimi nalitafuta."

"Unalitafuta? Kwani si yako hii?"

"Ya mjomba wangu."

"Na mjomba yuko wapi?"

"Mbali."

"Ahaa." Akavua miwani, akaipangusa, akaivaa tena. "Dada yangu, nimenunua vitu kwa waongo wengi, na wote walikuwa wanasifu. Huyu anayesingizia mali yake mwenyewe namwogopa. Kasoro inayojificha mbele ya mgeni ndiyo itakayonitoa roho. Likitokea, niite."

Tunaiwasha asubuhi na jioni. Kioo cheupe kama sahani. Mama anauliza, tena kwa sauti ya chini, kama hujaanza kusahausahau. Au ulituma kompyuta nyingine?

Mpwa wako


Tarehe 22 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Mwambie mama yako nakumbuka mpaka siku aliyozaliwa, na kelele alizopiga.

Kompyuta ninayo moja tu, na doa lipo. Dereva angeibadilisha, bawaba isingelia na chai isingekuwa yangu. Sasa mnaniambia yote ni kweli isipokuwa hilo kubwa? Labda limepona kwa kutikiswa njiani, kama redio zetu za zamani zilivyopona kwa kofi. Sielewi. Tangu juzi najichunguza, nisije nikawa nimeagwa na akili yangu bila hata kupewa mkono.

Ila na kazi za siku hizi! Gazeti linachapwa wino ukikosekana katikati. Fremu ya mlango wangu imepinda, nikamwambia mwenye nyumba, akaleta seremala. Kijana akashusha timazi, akatazama uzi wake ulivyonyooka, akaniambia, "Mzee, mlango huu umenyooka kuliko wewe."

Mwite mshonaji atazame tena. Mimi si mwongo.

Wako,
Mjomba


Tarehe 27 Machi

Shikamoo Mjomba,

Sisi wazima. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimesimama. Kioo, gazeti, mlango.

Tafadhali funika jicho moja kwa kiganja, utazame mlango. Kisha ufunike la pili. Uniandikie ulichoona, kama ulivyoieleza kompyuta. Mama hajui kwamba nimekuuliza.

Mpwa wako


Tarehe 19 Aprili

Mpwa wangu,

Natumaini hamjambo. Nimechelewa. Kichwani nilikuwa nakujibu kila siku.

Nilifunika jicho la kulia. Mlango ukapinda, na mahali pa kitasa hapakuwa na kitu. Nikafunika la kushoto. Mlango wima, kitasa kipo, seremala alisema kweli. Nikarudia mpaka mkono ukachoka. Nikajaribu ukuta, sahani, uso wangu kwenye kioo cha kunyolea. Doa likanifuata kote kama mbwa wa jirani. Na hata hilo la kulia, nikilikaza sana, mistari imeanza kulegea.

Nilikuwa nimejiandaa kubishana na yeyote atakayesema nimezeeka akili. Kwa hili sina wa kubishana naye. Maneno ya bibi yako yamefika herufi M. Yaliyobaki yako kwenye karatasi, kwa penseli yake hafifu, na sijui nitayafikia kwa jicho lipi.

Niambie wewe, bila kunihurumia: barua zangu bado zinasomeka?

Wako,
Mjom


Tarehe 23 Aprili

Shikamoo Mjomba,

Zinasomeka, nikienda polepole. Katika hii ya mwisho mistari miwili imepanda juu ya mingine, na "Mjomba" imeishia nusu. Nadhani nusu ya pili imebaki mezani kwako.

Nimekwenda kliniki ya macho. Muuguzi anasema la kushoto hawezi kuliahidi kitu, lakini la kulia likiwahiwa, huenda likashikika. Wametupa miadi ya Jumatatu. Mama nimemwambia. Alikwenda kukutandikia kitanda.

Kompyuta sikuiuza. Mshonaji alikuwa bado anasubiri doa litokee, ikabidi nimweleze. Akawa anaifungua na kuifunga, bawaba inalia. Kisha akasema, "Afadhali lingekuwa la kompyuta."

Nakuja kukuchukua Ijumaa. Usiandike jibu.

Mpwa wako