Kiti cha Kamba

Jumapili, Kariobangi

Na bado ile "usiguse" yangu inaniudhi. Wiki jana huko Kisumu, kwenye jumba la sayansi karibu na ziwa, nilimwonya binti yangu Akinyi mlangoni kama tunaoingia kwa sebule ya mtu: keti vizuri, usiguse kitu, ukipewa chai sema umeshiba.

Kumbe kule kila kitu ni cha kushikwa. Watoto wa wenyewe wanavuta, wanazungusha, na wangu amesimama mikono nyuma. Mwalimu wake husema haulizi swali hata moja darasani. Hilo linanisumbua sana.

Msichana mhudumu wa pale akaniambia, "Anza wewe, mama. Atakufuata."

Nikakalia kiti kinachoning'inia kwa kamba iliyopita kwenye magurudumu ya juu, nikavuta kamba, nikajiinua mwenyewe hadi juu. Na huu mwili wangu! Nilipiga nduru. Akinyi alicheka, kisha akaipokea ile kamba. Mungu ambariki yule msichana.

Leo nimetoka kanisani nikakuta redio yangu imefunguliwa, skrubu zimejaa mezani. Nimevuta pumzi nigombe.

"Mama, sauti hukaa wapi humu ndani?"

Redio ikikataa kulia, na ikatae. Mtoto wangu ameuliza.