Watoto Watano wa Kapteni

Oxon Hill, Maryland
Mwezi wa nane

Kwa dada yangu Nekesa, mwalimu wa walimu,

Hamjambo huko? Goti la mama limekubali kupanda kilima, au bado anaisingizia baridi? Mimi ni mzima kupita kiasi. Nimenenepa hata shati ulilonishonea halifungi tena. Ninaandika kwa sababu kadi ya simu huisha kabla hatujamaliza kusalimiana, na habari hii ni ndefu. Kalamu nyekundu weka chini. Ndiyo, niliacha shule kidato cha pili, lakini hapa mimi ndiye msomaji wa nyumba.

Yule mzee ninayemtunza, Bwana Harlan, macho yamekwisha. Kila alasiri baada ya dawa mimi humsomea barua za babu wa babu yake, kapteni wa manowari, enzi za matanga. Picha yake imetundikwa sebuleni: vifungo vya dhahabu hadi kidevuni, na uso wa mtu aliyenusa samaki aliyeoza. Ukoo mzima unamwabudu. Mimi nimemsoma mwaka mzima, dada, na nakuambia: bure kabisa.

Aliingia jeshi la majini akiwa na miaka kumi na moja, si kwa ushujaa. Baba yake alikuwa akila meza moja na waziri. Vita vyake vya kwanza alivimaliza akitapika kwenye ndoo. Alipopewa meli yake mwenyewe, milingoti mitatu, aliipandisha juu ya fungu la mchanga mchana kweupe, kisha akamchapa viboko baharia aliyemwonya. Na wakampandisha cheo! Miaka yake ya mwisho alikaa nchi kavu akingoja meli nyingine, akiwalilia wakubwa kwamba fulani amepewa na yeye amerukwa. Alifia kitandani, kidole cha mguu kimevimba. Mimi nilivuka bahari ile ile nikiletewa kuku kitini, na sikumchapa mtu.

Sasa, kila kiangazi ukoo wao hukusanyika uani, huchoma nyama, na Bwana Harlan husimulia maisha ya kapteni. Mwaka huu sauti imemkauka. Akaniambia, "Wekesa, wewe umezisoma zote. Andika ukurasa mmoja, usome mwenyewe."

Nekesa, mimi najua kuandika maisha ya marehemu kwa namna moja tu, ile ya kwetu inayosomwa kando ya jeneza: alizaliwa, alisoma, alifanya kazi, alioa, ameacha watoto. Na wakumbuka tulipomzika mjomba, binti yake wa Kitale, wa nje ya ndoa, alipoachwa bila kutajwa kwenye karatasi. Jeneza lilikaa juani hadi pasta akasoma upya. Basi nikahesabu wote. Wanne wa mke. Wa tano alizaliwa na mfuaji nguo, mtumwa wa nyumba hiyo hiyo. Kapteni alimwandikia ndugu yake: "Ana macho yangu. Auzwe mbali kabla mke wangu hajarudi." Nilipomsomea mzee barua hiyo, alisema tu, "Endelea."

Jumapili nikasimama, tai shingoni, nikasoma. Nilipofika "ameacha watoto watano," Bi Ellen, binti wa mzee na ndiye aliyeniajiri, akacheka kidogo.

"Wanne, Wekesa."

"Wanne ni wa mke, Bi Ellen. Wa tano ni wa mfuaji, yule mtumwa wake. Ndiye aliyeuzwa."

Bi Ellen akaweka sahani chini. Akaninyang'anya karatasi. "Umetutukana nyumbani kwetu. Jumamosi uwe umeondoka."

Nikamtazama mzee anitetee. Alikuwa anatafuna saladi ya viazi kama hajui Kiingereza. Nikasema moyoni, kweli hii ni damu ya kapteni.

Mama Furaha, Mkongo anayekuja kumwogesha mzee asubuhi, alinicheka hadi akakaa chini. "Weye Wekesa, ile kinywa yako itakulalisha inje!" Na ni kweli, chumba ninacholala ni cha kazi hii, kazi ikienda, kitanda kinaenda. Nikafunga begi.

Ijumaa, baada ya dawa, mzee akaniita. "Nisomee ile barua."

"Ipi?"

"Usinichezee. Unaijua."

Nikasoma. Akauliza, "Jina la mtoto?"

"Hakuliandika."

"Soma tena."

Nikasoma tena. Halikuwapo. Mzee akasema, "Mtu aliyeandika jina la kila kamba ya meli yake." Akaongeza neno juu ya kapteni ambalo siliandiki, mama atalisoma. Halafu akanyoosha mkono apewe simu. "Ellen, kijana haendi popote. Kuna masanduku manne ya karatasi za ukoo hatujafungua."

Basi nipo bado. Tumeanza la kwanza. Nikimpata huyo mtoto, kiangazi kijacho nitamsoma kwa jina, na Bi Ellen atengewe kiti cha mbele.

Nisalimie mama, shemeji na duka lake la mbolea, na nyanya, ambaye husema hasikii mpaka atajwe yeye.

Ni mimi mdogo wako, mwenye mdomo na kitanda,
Wekesa