Karanga za Wageni

Mwangaluka, mjukuu wangu Kabula,

Huku Mwandoya tunaamka salama, ila mvua imechelewa. Umeniuliza utakulaje vizuri chuoni na hela kidogo, maana ugali mtupu umeanza kukutia kizunguzungu. Nimemkumbuka mdogo wangu Masanja, ingawa jambo hili huwa naona haya kulisema.

Alikuwa mtoto, mashavu yamevimba kwa utapiamlo, hataki hata kucheza. Tulikula ugali na nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa, yamechemshwa na chumvi tu. Karanga tulilima wenyewe, lakini mama aliziweka kwa ajili ya wageni. Siku moja bibi yetu alitoka Kimali kututembelea, akapikiwa nsansa ya karanga. Alimtazama Masanja, akamsogezea bakuli lote.

"Mama, hilo ni lako wewe mgeni!" mama akamwambia.

"Mgeni ni huyu," bibi akasema. "Msipomlisha, ataondoka."

Mama alilia. Tangu jioni ile karanga zilitwangwa kwa ajili yetu.

Nakutumia nsansa na karanga. Masanja mwenyewe, babu yako, ndiye aliyezipeleka stendi. Kula, mama, usizitunzie wageni.

Bibi yako,
Minza