Mpwa Wangu Anadai Hereni za Ng'ombe Wagonjwa

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada wako upesi, kabla ya Jumapili, maana Jumapili ni mnada wa mifugo hapa mjini kwetu At-Bashy, na mimi ndiye daktari wa mifugo ninayewavalisha ng'ombe hereni ya afya, alama ya sikioni kuwa wamepimwa na ni wazima, na ng'ombe asiye na hereni haingii mnadani.

Dada yangu Kalipa ni mjane mwenye mtoto mmoja tu, Adyl, na wewe unajua kwetu mpwa akija kwa wajomba akaomba kitu hakataliwi, ndiyo maana wazee husema heri zizi liingiwe na mbwa mwitu saba kuliko mpwa mmoja, lakini huyu tangu utoto hajaniomba hata kamba, mtoto wa farasi ambaye kila mpwa hupewa hajamchukua kwa haya zake, basi juma lililopita alipoingia kwangu nikiwa nakunywa chai na wazee akasema, "Mjomba, leo nimekuja kudai haki yangu," mimi kwa furaha nikajigamba mbele ya watu, "Chukua, mpwa wangu, nimeshakupa kabla hujataja!" nikidhani anamtaka yule mtoto wa farasi wa kijivu, na wazee wakaitikia amina, naye akainamisha kichwa akasema, "Wavalishe ng'ombe wangu hereni."

Mshauri, niliweka kikombe chini. Damu ya ng'ombe wake niliipima mwenyewe, na wengi wao wana ule ugonjwa wa kutupa mimba, ambao ukinywa maziwa yao mabichi unapata homa ya kwenda na kurudi na viungo vinakuuma miaka, na watakaowanunua ni watu wenye watoto wanaolamba malai ya maziwa mabichi kwa kidole. Lakini wagonjwa wakichukuliwa kwenda kuchinjwa, kama sheria inavyodai, zizi la Adyl linabaki karibu tupu, na harusi yake ni vuli hii, na ahadi nimeshaitoa na wazee wameitikia.

Sasa nikueleze kilichonifanya nishike kalamu. Ijumaa jioni nyumbani kwetu hakuna anayekosa tamthilia ya *Malisho ya Mbinguni*, ile ya ukoo uliopanda chombo cha anga na mifugo yao kwenda kutafuta majani kwenye nyota nyingine, na Ijumaa iliyopita Kalipa na Adyl walikuja kama kawaida ingawa tulikuwa hatusemeshani vizuri, maana hereni sijawavalisha wala hapana sijasema. Mzee Bakas, mlinzi wa mlango wa chombo, mpwa wake alikuwa ametoka nje kutengeneza kitu, akarudi na vumbi la sumu la angani mwilini, akawa anagonga kioo, "Mjomba, nifungulie, ni haki yangu." Mama yangu akairukia runinga, "Mfungulie, we mzee! Huo ni moyo au jiwe?" Kalipa hakuitazama runinga, alinitazama mimi. "Kuna wajomba na wajomba, Mama," akasema. Mke wangu Salkyn akadakia, "Akifungua wanakufa wote, na wewe Mama Ijumaa ijayo utamgombeza nani?"

Basi Bakas hakufungua, alilia lakini hakufungua, sote tukadhani yameishia hapo, kumbe yule mzee akaenda jikoni, akachukua birika la chai na mkate, akamkabidhi mwenzake ufunguo, akapita kwenye kile chumba kidogo ambacho ukishatoka huwezi kurudi, na mlango ukafungwa nyuma yake. Akaketi na mpwa wake juu ya mgongo wa chombo, akaumega mkate, akampa kipande kikubwa, na nyuma yao ikachomoza sayari ya bluu, kubwa, mshauri, kubwa mpaka sebule yetu ikawa bluu na nyuso zetu zikawa bluu. Mama yangu mwenye kelele zote akapitisha viganja usoni kama amemaliza dua. Nywele zilinisimama, na mpaka naandika hapa sijarudi sawasawa.

Nikatoka uani, nikamkuta Adyl ametangulia, amesimama karibu na farasi anatazama juu, na mbingu ilikuwa imejaa nyota kiasi kwamba nilishika ukuta. Akaniambia, "Mjomba, yule jamaa ana bahati." Nikamuuliza nani, aliyebaki ndani? Akasema, "Aliye nje," kisha akaingia kumchukua mama yake wakaenda zao, na hereni hakuitaja.

Sijui nifanye nini. Je, mtu wa kweli, mwenye mama na dada, anaweza kufanya kama Bakas, au mambo yale ni ya nyotani tu?

Wako,
Mjomba Aliyejigamba, At-Bashy

*

Mjomba Aliyejigamba,

Jina umejichagulia vizuri, limenipunguzia kazi ya kukusema. Daktari mzima unatoa ahadi kabla hujasikia ombi! Pole, lakini umejitakia.

Tuanze na hiyo ahadi yako. Mila yetu naiheshimu kuliko unavyodhani, mimi mwenyewe wapwa wamenimalizia kuku. Lakini mpwa huchukua kutoka zizi la mjomba wake. Hereni haijatoka zizini kwako, wala homa ya watoto wa watu wengine si mali yako ya kugawa. Kwa hiyo usiniambie eti umefungwa na neno lako. Rudi kwa wazee wale wale, sema, "Nilitoa kisicho changu." Watakucheka. Wacha wakucheke.

Unaniuliza kama mtu wa kweli anaweza. Nami nililia Ijumaa ile, chai yangu ilipoa nimeishika mkononi, na sioni aibu kusema. Lakini naona kinachokutisha wewe ni kule kufunga mlango. Baba, kufunga mlango hata mlinzi wa ghala anaweza. Kilichonitetemesha mimi ni lile birika.

Na mpwa wako alikwambia uani, ukadhani anazungumzia runinga! Yeye ndiye aliye nje, mwanangu, ila kwake hajatoka mtu na birika. Baba hana, ng'ombe wanakwenda, harusi imekaribia, na mjomba wake anajificha nyuma ya kioo kwa kuwa anaogopa kusema hapana. Kijana ambaye hajawahi kuomba hata kamba hakuja kwa ajili ya hereni tu.

Jumamosi hii, kabla ya mnada, nenda kwake. Mpeleke yule mtoto wa farasi wa kijivu, na ng'ombe wako mmoja mzima mwenye ndama, usichague aliyekonda. Mwambie hapana ukiwa bado mlangoni, kwa kinywa chako, usimtume Salkyn. Atakasirika, kaa hapo hapo akukasirikie. Dada yako usimjibu kitu mpaka akumiminie chai. Na siku wale wagonjwa wanapochukuliwa, usiende kama daktari mwenye mkoba. Vaa glavu, shika kamba, watoe wewe na Adyl, mmoja mmoja. Kisha ketini pale kwenye zizi tupu, mle pamoja chai na mkate.

Mkate uumege wewe. Kipande kikubwa ni chake.