Baba Anamsubiri Daktari

Nesta rafiki yangu, naosha mkasi na koleo ambavyo sikuvitumia.

Baba kaja zahanati leo. Baba yangu! Kamleta Mzee Bugalama, jirani yetu, ana jipu pajani, hawezi kukanyaga. Nikamwambia, "Shikamoo mzee, panda kitandani nikupasue."

Baba akasema, "Tunamsubiri daktari."

Nilidhani ananitania. "Baba, daktari si ndiye mimi?"

"Wewe ni Kashinje."

Mbele ya foleni nzima, Nesta. Wewe ni Kashinje!

Baba huyuhuyu nilipopata chuo aliwaambia wajomba, "Mtakuja kumpigia magoti mwanangu." Labda alimwonea aibu mzee mwenzake kuvua nguo mbele yangu. Sijui, sitaki kumhukumu haraka. Lakini kamgeukia Masumbuko, mlinzi wetu: "Daktari, utatuona saa ngapi?"

Masumbuko kaniangalia, kainamisha kichwa. "Mzee, mimi nafungua geti tu."

Hata hapo baba hakunitazama. Kambeba mwenzake, wakaenda kulala kwa shemeji yake baba hapo kijijini Ndalambo. Wamesema watarudi kesho, huenda daktari atakuwa amefika.

Kesho zamu ni yangu tena. Daktari hapa ni mimi peke yangu.