Ganda la Maharage Sikioni

Papa,

Nimeona kitu ambacho ulipaswa kukiona wewe, na tangu nirudi Bukavu sijui nimweleze nani. Maman nimemweleza mara tatu. Jana ameniambia, "Mapendo, andikia papa yako basi, mimi masikio imechoka." Ndiyo maana nakuandikia.

Unakumbuka kalenda yangu? Ile niliyoitengeneza bironi, kazini kwangu, kuwasaidia wafugaji wanaohama, kwa kuwa mvua za siku hizi hazieleweki. Niliweka tarehe ya ng'ombe kutoka uwandani Kamanyola na tarehe ya kupita kwenye mashamba ya mlimani, maharage yakiwa yameshavunwa. Ulivaa miwani, ukaisoma hadi chini, ukasema: "Mutoto yangu, tarehe inajua mvua?" Nilinuna wiki nzima. Mganga wa mifugo aliyetembea nyuma ya mikia maisha yake yote, atanifundisha kompyuta? Nilifikiri hivyo, Papa. Nisamehe.

Ukatuacha kabla ya msimu. Mvua za mlimani zikachelewa, watu wakapanda kwa kuchelewa, na huko uwandani nyasi zikakauka mapema. Wafugaji waliniamini. Siku ile ile niliyoiandika kwenye kalenda, rafiki yako Muzee Bisimwa akapandisha ng'ombe wote, akakuta maharage bado mabichi.

Aliponipigia simu hakunilaumu. Alisema tu, "Tuko ku njia. Maharagi iko bado. Maji iko ngambo." Afadhali angenitukana. Kijito kiko bondeni, na njia pekee ya kukifikia inapita katikati ya mashamba. Kurudi nyuma, hakuna nyasi. Na unajua mambo ya kwetu: shamba moja likikanyagwa, mapanga yanatoka.

Nilifika asubuhi iliyofuata. Wafugaji walikuwa wamejipanga ukingoni mwa shamba, bega kwa bega, wakiwaimbia ng'ombe kwa sauti ya chini. Siku ya pili bila maji, na hakuna hata jani moja lililoguswa! Nililia mbele za watu.

Kisha nikaona wanawake. Maman Furaha, mwenye shamba la kwanza, alipanda kutoka bondeni na bidoni ya manjano iliyojaa maji kichwani, akipita kati ya maharage yake mwenyewe. Nyuma yake mwingine. Nyuma yake wengine, mpaka nikashindwa kuona mwisho wa mstari. Wakamimina maji kwenye mabeseni ya kufulia, ng'ombe wakanywa, wao wakageuka kurudi kijitoni. Nami nilibeba, shingo inaniuma hadi leo. Nilimwuliza Maman Furaha kwa nini wanafanya hivi. Alinitazama kana kwamba mimi ni mjinga: "Hizi ngombe zinalalaka mu shamba yangu kila mwaka. Sasa mbolea yangu ikufe na kiu?"

Wiki nzima walibeba hivyo, wanaume wakikata nyasi bondeni. Halafu asubuhi moja Maman Furaha akachuma ganda, akalitikisa karibu na sikio. Likalia: maharage yamekauka ndani.

Papa, nilikuona. Nilikuona ukinisimamisha njiani nikiwa mdogo, ukinitikisia ganda sikioni: "Ikilia, njia imefunguka." Mifuko ya mashati yako ilijaa maganda, Maman akilalamika kila siku ya kufua. Mimi nilidhani unanichezesha tu. Nimesoma miaka yote ile bila kukuuliza.

Walivuna pamoja, wafugaji nao waking'oa. Jioni ng'ombe wakaingia polepole, wakalala juu ya mabua. Nimekua nikisikia magomvi tu ya ng'ombe na mashamba, na hakuna aliyewahi kuniambia kwamba watu wanaweza kufanya jambo kubwa hivi, tena kama kazi ya kawaida.

Tarehe nimezifuta. Msimu ujao Maman Furaha na wenzake watatikisa kwanza, watatupigia simu, ndipo nitatuma ujumbe uwandani. Mkuu wangu aliniuliza nitaweka nini mahali pa tarehe. Nimeandika: "Likilia."

Ganda lile la Maman Furaha nimelitia kwenye mfuko wa shati lako la kijivu, lile ambalo Maman hataki kulifua. Leo asubuhi amelikuta humo. Hakulalamika.

Lala salama, Papa. Sitamwambia tena mtu aondoe ng'ombe wake kabla sijasikiliza.

Mapendo wako