Simu Iliyolia Chumbani kwa Mkwe

Buruburu, Nairobi
Jumatano jioni

Kwako Mama Nafula,

Pokea salamu za mume wako, ambaye kitambi kimemgomea kuondoka hata kwa chakula hiki cha Nairobi. Hujambo? Watoto hawajambo? Yule ng'ombe ameacha kupiga ndoo teke? Mimi nipo. Kiwandani sasa wananiita Mzee wa Sabuni, mikono imechubuka kama ya mtu aliyepigania mpaka wa shamba, lakini napumua.

Barua yako nimeipata. Niliisoma, nikaikunja, nikashindwa kula. Unauliza kwa nini mlipopiga simu sikuchukua, na kama nimepata mwanamke wa kunishughulisha siku za Jumapili. Mama Nafula, mwanamke gani ataukubali upara huu? Ngoja nikueleze, halafu unihukumu.

Unajua ninavyoishi hapa kwa mama yako mdogo. Tangu nipunguzwe kazi reli, ndiye aliyenipa chumba cha uani, nasi tunaishi kwa adabu ya wakwe. Akitoka kuanika nguo, mimi naingia ndani. Akinisalimia, ananisalimia kupitia ukutani. Hiyo simu yake isiyo na waya ndiyo iliyokuwa mkombozi wetu. Kitako chake, kile kinachochomekwa ukutani na kuipa simu mawasiliano, kiko chumbani kwake, kando ya kitanda. Mkono wa simu ananiachia mimi, nauchaji huku kwangu, na Jumapili akiwa kanisani ukilia naongea na wewe bila kukanyaga kwake.

Basi stima ilipotea, iliporudi ikarudi kwa nguvu ikaunguza kile kitako. Mwanawe mkubwa akaleta kingine cha aina ile ile, akakichomeka ukutani, akaenda zake. Mkono niliokuwa nao uliendelea kuwasha taa yake ya kijani kama kawaida. Ningejuaje kwamba umekuwa kiziwi?

Jumapili hiyo nilikaa kitandani na simu mapajani. Nilivaa hata shati safi, kana kwamba ungeniona. Nikasikia kengele, lakini si mkononi mwangu. Ilikuwa ndani ya nyumba, chumbani kwa mkwe wangu. Nikabonyeza, haloo, haloo, kimya. Nikatoka nikasimama chini ya dirisha lake. Inalia. Mlango wa jikoni ulikuwa haujafungwa. Nilifika kizingitini, nikavua viatu kabisa. Lakini chumba cha mkwe, Mama Nafula! Kitanda chake pale, nguo zake zinaning'inia! Miguu ilikataa. Nikajiambia, atapiga tena Jumapili ijayo. Ikakatika. Ikalia tena. Ikakatika.

Sikujua kwamba Mama, mama yangu mzazi, alikuwa hapo kando yako. Sikujua mlimsukuma kwa mkokoteni mpaka kwenye simu ya sokoni, na kwamba aliyeshika simu ni yeye, akikuuliza, "Mbona mwanangu hachukui?" Na sasa unaniandikia kwamba wiki hiyo hiyo ulimi wake ulilala, na tangu hapo hajasema neno.

Nilipeleka ule mkono wa simu kwa fundi wa redio Kariobangi. Akaugeuzageuza, akacheka.

"Mzae, hii iko poa. Mmebadilisha kitako na hamjaijulisha. Ilaze juu ya hicho kipya mpaka ilie, basi."

"Basi?"

"Sasa unataka niifungue ndiyo uamini?"

Kuilaza tu. Niliporudi niliiweka juu ya kigoda mlangoni pa jikoni, nikajificha nyuma ya ukuta. Mama yako mdogo akaja kuichukua.

"Mkwe, nimeilaza!"

"Imelia, Mama?"

"Haijalia."

"Pengine imelala kifudifudi."

"Ala! Leo mkwe ananifundisha kulaza vitu chumbani kwangu?"

Kisha nikasikia mlio mdogo, kama kifaranga. Tukacheka, kila mtu upande wake wa ukuta. Ndipo nikamwambia habari za Mama. Nikasikia akivuta kigoda, akaketi. Halafu akasema polepole, "Ungeingia tu, baba. Kondoo wa kuondoa mwiko tungechinja baadaye, yangeisha."

Nikarudi chumbani kwangu, nikatafuta karatasi ya kukuandikia.

Msalimie kaka yangu Wafula, aliyesukuma mkokoteni ule. Mwambie mgongo wake unanidai pole. Msalimie Nafula, kifungua mimba wetu, na mama yako mzazi, kwa mbali kama inavyofaa.

Nimeomba ruhusa ya kuja. Msimamizi anasema mwisho wa mwezi, na hapa anayeondoka bila ruhusa hukuta mtu mwingine amevaa aproni yake. Kwa hiyo nakuomba hivi. Kama Mama bado anaweza kubebwa, Jumapili mpelekeni tena. Mwekee simu sikioni, wewe usiseme kitu. Nitaongea mimi, porojo zangu zile zile alizokuwa akinikemea. Asipojibu, usikate. Shika tu hapo hapo, nimsikie akipumua.

Ni mimi wako, niliyekwisha kukaa kando ya simu,
Baba Nafula